Maombi ya Soksi ya Kushoto

Kila siku saa sita na dakika ishirini, shule ya msingi iliyo nyuma ya viwanda vya fremu za miwani mjini Sabae ilianza kunukia supu. Watoto wa zamu walivaa aproni nyeupe na kofia, wakabeba masufuria kutoka jikoni, wakawapakulia wenzao wali, samaki na mboga. Chitose Yamagishi wa darasa la sita hakula darasani. Alibeba sinia yake hadi chumba kidogo cha matangazo ghorofa ya pili, akaiweka kando ya mitambo, akasafisha koo na kuwasha maikrofoni.

Yeye ndiye kiongozi wa kamati ya matangazo. Aliwatakia watu chakula chema, akataja vilivyomo kwenye sinia, kisha akasoma maombi ya nyimbo. Maombi yaliandikwa kwenye vikaratasi na kutumbukizwa katika sanduku la kadibodi lililokaa nje ya mlango. Hakuna aliyetia jina lake la kweli. Ilikuwa desturi, kama redioni, mwombaji kujipachika jina la kubuni: Figili ya Bibi, Goti la Kaptula, Waziri wa Maziwa. Nusu ya utamu wa matangazo ilikuwa majina hayo, na nusu nyingine ilikuwa kubahatisha ni ya nani.

Jumatatu moja mwanzoni mwa Februari, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha ya chini, sanduku lilikuwa na kikaratasi kimoja tu. Kilibandikwa flashi ndogo kwa utepe wa gundi. Mwandiko ulikuwa mdogo na ulionyooka: "Tafadhali pigeni wimbo huu. Unaitwa 'Theluji Mdomoni'. Nimeutunga mwenyewe. Anayeimba si mtu. Soksi ya Kushoto."

Kanuni ya kamati ilisema kila kitu kijaribiwe kabla ya kurushwa. Wakana, msichana wa darasa la tano aliyeshika vitufe, akaichomeka flashi, akapunguza sauti.

Kwanza kikaja kinanda, polepole, si kibaya. Kisha ikaja sauti. Ilikuwa ya msichana, nyembamba, safi kupita kiasi, kila silabi imekatwa kwa wembe na kupangwa mahali pake.

Nilifungua mdomo, theluji ikaingia;
nikaufunga, ikayeyuka bila neno.

Chitose akahisi vinyweleo vya mikono vikisimama. Wakana akamweleza kwamba ni zile nyimbo za kompyuta: unaandika maneno, unapanga noti, mashine inaimba. Kaka yake huzisikiliza hata chooni, hugongewa mlango mpaka mlango unachoka.

"Hilo ni bafu letu," Chitose akasema. "Linaimba kama mashine ya bafu letu inapotuambia maji ya moto yako tayari."

Wakana alicheka hadi maziwa yakampanda puani. Lakini Chitose hakuwa akitania. Alikuwa pia kiongozi wa sauti za juu katika kwaya ya darasa, na kwa miaka miwili Mwalimu Kuroiwa alikuwa amemfundisha kupumua. Kwenye kila karatasi ya wimbo mwalimu alitia alama kwa penseli nyekundu: pumua hapa, hapa usipumue, hapa iba pumzi kidogo. Sasa alisikiliza sauti ile akingoja ivute pumzi, na haikuvuta. Ilipita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bila kujua, Chitose mwenyewe alikuwa ameizuia pumzi yake akiingoja, mpaka kifua kikamuuma.

Kinyaa kikampanda. Alikumbuka kitambaa kilichofuta maziwa Ijumaa kikasahaulika mpaka Jumatatu, ukikishika kinateleza. Ilikuwa kama kuguswa shavuni na mkono wa baridi usio na kucha.

Akachomoa flashi. Akawasha maikrofoni na kusema, kwa sauti yake ileile nzuri, kwamba leo hakuna maombi. Wakapiga santuri ya zamani ya shule. Wakana alimwangalia, lakini darasa la tano haliulizi maswali darasa la sita.

Juma lililofuata kikaratasi kilikuja tena. "Labda cha kwanza kilipotea," kilisema. Cha tatu kilieleza kwamba wimbo ni mfupi, dakika mbili na nusu tu, hautazuia matangazo mengine. Kila mara Chitose alisema hakuna maombi, au alisoma ya wengine na kuruka hilo. Wakana alipothubutu hatimaye kuuliza, Chitose alimjibu kwamba Mwalimu Kuroiwa amekataza nyimbo za namna hiyo. Mwalimu Kuroiwa hakuwa amesema lolote. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo kama punje ya wali. Huu wa pili ulikuwa na jina la mtu ndani yake.

Kikaratasi cha nne kilimgusa kidogo. "Nitahama baada ya mahafali. Ningependa usikike mara moja kabla sijaondoka." Lakini Machi, mwezi wa mahafali, ndio pia mwezi wa makampuni kuhamisha wafanyakazi, na katika darasa la sita peke yake watoto wanne walikuwa wanahama. Chitose hakujisumbua kutafuta ni yupi. Ile sauti hakutaka kuisikia tena. Flashi aliizungushia karatasi laini mara tatu, kama mtu anayezika mende, akaitupa nyuma ya droo. Cha tano kilikuwa na jina la wimbo na jina la kubuni tu, hakuna zaidi.

Sasa angalia jinsi mazoea yanavyomuumbua mtu. Mwenye hila angevichana vikaratasi vile na kuvitupa pamoja na taka za kuchomwa. Chitose alilelewa vizuri mno kwa hilo. Karatasi safi haitupwi na taka za kuchomwa. Hata bibi yake angefufuka amgombeze. Kwa hiyo kila kikaratasi alikinyoosha, akakilaza katika sanduku la karatasi kuukuu pembeni ya chumba, juu ya ratiba za zamani. Na kila mwanzo wa Machi, wakati wa usafi mkubwa wa kufunga mwaka wa shule, watoto wa kamati ya mazingira hupita chumba kwa chumba, hutoa karatasi kuukuu, huzipanga na kuzifunga kwa kamba.

Mwaka ule aliyefunga za ghorofa ya pili alikuwa Otoha Nishiwaki.

Otoha alikuwa darasa moja na Chitose. Nyumba zao zilitenganishwa na nyumba tatu, na kila asubuhi walitembea katika mstari mmoja wa watoto wa mtaa kwenda shule, Chitose mbele na bendera ya njano ya kuvukia barabara, Otoha karibu na mwisho. Alikuwa mmoja wa wale wanne. Baba yake alikuwa anahamishiwa kikazi Akita, mbali kaskazini. Hakuwa msemaji. Walimu walimsifu kwa kutosumbua.

Chitose alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu ya chumba cha matangazo, kitambaa mkononi, alipoona viatu vya kuvaliwa ndani ya shule vimesimama mbele yake. Aliinua kichwa. Otoha alikuwa ameshika vikaratasi vitano, vimenyooka kama noti mpya.

"Ulisema hakuna maombi," Otoha akasema.

Chitose aliangalia ule mwandiko mdogo ulionyooka, akamwangalia Otoha, na akaelewa. Angeweza kuomba msamaha pale pale. Badala yake kilichomtoka ni kile kilichokuwa kimemjaa kwa majuma matano. Alisema wimbo ule unamtia kichefuchefu. Alisema haupumui, ni kama maiti iliyopakwa rangi ya midomo, na kwamba hakuna mtu anayetaka kula samaki wake huku akisikiliza kitu kama hicho.

Otoha hakulia. Aliviweka vikaratasi juu ya mitambo, kimoja kimoja.

"Mwaka jana kabla ya tamasha la kwaya la mji, uliniita nyuma ya jukwaa," akasema. "Uliniambia sauti yangu inaenda pembeni, itatuharibia. Uliniambia nifungue mdomo tu, nisitoe sauti."

"Tulipata medali ya fedha," Chitose akasema, na papo hapo akatamani asingelisema.

"Mlipata. Nilifungua mdomo kama samaki wa dukani, mama akanipiga picha. Ulitaka mdomo usio na sauti, nikakupa. Sasa nimeleta sauti isiyo na mdomo, hiyo nayo hutaki. Niambie basi, Chitose, unataka nilete nini?"

Akafunga bunda lake la karatasi, fundo mara mbili, akaondoka. Chitose alibaki amepiga magoti. Kinyaa kilikuwa palepale kifuani, hakikwenda popote, ila sasa hakikuwa cha wimbo. Alikuwa akijionea kinyaa yeye mwenyewe, kama mtu anayenusa kitu kibaya chumba kizima na kugundua kuwa ni soli ya kiatu chake.

Kesho yake saa sita na dakika ishirini alikwenda kwenye sanduku. Aliinamisha, akatikisa. Lilikuwa tupu. Aliwasha maikrofoni na kusema kwamba leo hakuna maombi. Majuma matano alikuwa amesema maneno hayohayo kwa uongo, na hayakumdhuru. Siku ile yalikuwa kweli, na yalimkwama kinywani kama mwiba. Samaki wake alibaki mzima kwenye sinia. Wakana alimuuliza kama anaumwa. Akasema ndiyo, na huo nao haukuwa uongo kabisa.

Baada ya masomo alikwenda kwa Mwalimu Kuroiwa katika chumba cha muziki. Mwalimu huyu alikuwa mama wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na alikuwa akichonga penseli zake nyekundu. Chitose alimweleza yote akiwa amesimama. Alianza na vikaratasi, akaja kwenye uongo aliomtwisha mwalimu mwenyewe, na mwisho, kwa shida kubwa, akasema lile la nyuma ya jukwaa.

Alitarajia kukemewa kwa la mwisho kuliko yote. Mwalimu aliweka kichongeo chini.

"Siku ile niliona midomo thelathini, nikasikia sauti ishirini na tisa," akasema. "Mimi nimefundisha kwaya miaka thelathini na tano, mwanangu. Unadhani sikujua?"

Chitose aliangalia vumbi jekundu la penseli mezani.

"Nilijua, nikanyamaza. Kwaya ilikuwa nzuri siku ile, nami nikapenda medali. Kwa hiyo tusimame wawili kwenye hilo, usisimame peke yako. Lakini haya ya vikaratasi ni yako. Uongo uliousema kwa maikrofoni hauponi kwa kunong'ona. Ijumaa ndiyo siku yenu ya mwisho kabla ya darasa la tano kuchukua chumba. Na kabla ya Ijumaa, nenda kwake. Mwenye wimbo ndiye wa kusema kama bado anataka upigwe."

Jioni ile Chitose aliichomoa flashi kwenye droo, akaifungua ile karatasi laini, akaishika kwa vidole vitupu. Nyumbani kwa akina Otoha masanduku ya kuhamia yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. Mama yake alimkaribisha kwa furaha iliyomuumiza Chitose, akamwambia jinsi anavyoshukuru Otoha kuwa na rafiki mwema, akaenda kuleta chai.

Chitose aliinama mpaka paji likakaribia mkeka. Aliomba radhi kwa vikaratasi vitano, akavitaja kimoja kimoja, na akaomba radhi kwa nyuma ya jukwaa. Otoha akaivuta kompyuta kuukuu aliyopewa na binamu yake na kuifungua.

Kwenye kioo palikuwa na vijisanduku vingi, virefu na vifupi, kama fito za uzio uliobomoka, na ndani ya kila kimoja silabi moja. Otoha alimwonyesha jinsi kila silabi inavyoburutwa mahali pake, jinsi mstari wa sauti unavyochorwa kwa mkono, unavyopandishwa na kutetemeshwa. Neno "theluji" peke yake lilimla Jumapili nzima. Wimbo wote ulimchukua tangu Novemba. Chitose alikuwa amedhani mtu huandika maneno tu, mashine ikafanya kazi, naye akala vitafunwa.

"Kwa nini haipumui?" akauliza.

"Inaweza kupumua. Kuna pumzi humu, unazibandika kabla ya neno." Otoha akafungua mahali zilipokaa. "Niliziondoa zote. Mtu akisikika anavuta pumzi, watu wanajua anataka kuimba. Wanageuka. Wanaanza kungoja akosee."

Otoha akamuuliza, bila kumtazama, kama sasa anaupenda wimbo.

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi, na mama alikuwa akiingia na chai.

"Hapana," Chitose akasema. "Maneno nayapenda. Lile la theluji kuyeyuka limenikaa kichwani tangu Februari. Lakini sauti bado inanitia kinyaa. Samahani."

Otoha akacheka, kwa mara ya kwanza. "Afadhali. Ungesema unaipenda ningekutoa nje na chai yako. Upigwe hivyohivyo, basi. Ila jina langu usilitaje."

Ijumaa shule yote ilipokuwa imeketi na masinia, maikrofoni ikawaka. Wakana alikuwa ameshika kitufe kwa mikono miwili. Chitose alisema jina lake kamili, jambo ambalo mtangazaji hafanyi. Alisema kwamba kwa majuma matano alitangaza hakuna maombi, na maombi yalikuwapo. Aliyaficha kwa sababu hakuupenda wimbo ulioombwa, na alimsingizia mwalimu kuwa ndiye aliyekataza. Alimwomba radhi mwalimu, akamwomba radhi Wakana kwa kumdanganya mbele ya macho yake, akawaomba radhi wote walioandika na wanaotaka kuandika. Kisha akasoma: "Ombi la Soksi ya Kushoto. 'Theluji Mdomoni'. Mtunzi ni Soksi ya Kushoto mwenyewe."

Kinanda kikaanza. Chitose aliketi na sinia yake, na sauti ilipokuja vinyweleo vikasimama vilevile. Hakuzima. Hakupunguza. Alikula wali wake wote, kijiko kwa kijiko, mpaka wimbo ukaisha.

Madarasani mambo yalikuwa mchanganyiko. Darasa la kwanza walicheza juu ya viti wakagombezwa. Wavulana wawili wa la sita waliiga ile sauti kwa kubana pua, na mmoja akasema hiyo ni mashine ya kuuza vinywaji imepata mafua. Wengine walisema ni mbaya. Msichana mmoja wa la nne aliacha kula na kuangalia spika kwenye ukuta. Otoha alikuwa kwenye dawati lake, uso chini, masikio mekundu, akisikiliza kila mmoja wao. Mwisho wa siku sanduku lilikuwa na vikaratasi saba. Vinne viliomba wimbo urudiwe. Vitatu viliomba usirudiwe kamwe. Chitose alimkabidhi Wakana vyote saba.

Adhabu nayo ilikuwapo. Mwalimu Kuroiwa alimvua uongozi wa sauti za juu kwa majuma mawili yaliyobaki kabla ya mahafali. Akawaita Chitose na Otoha kabla ya mazoezi ya nyimbo za mahafali, chumba cha muziki kikiwa bado kitupu.

Alimwambia Otoha kwamba hakuna mtu, si mwanafunzi wala mwalimu, mwenye ruhusa ya kumzima sauti katika shule hii, na kwamba yeye mwenyewe alimkosea kwa kunyamaza. Kisha akamgeukia Chitose.

"Kinyaa si dhambi," akasema. "Ni kama mgeni anayeingia bila hodi, huwezi kumzuia. Chakula, wimbo, harufu, kila mtu ana vyake. Mpe kiti akae. Lakini usimpe ufunguo wa sanduku la watu. Usichokipenda, sema hukipendi, kwa mdomo wako na mbele ya mwenyewe. Ukikificha na kusema hakipo, umemwibia mtu. Na mwizi anayeanza kwa vikaratasi huishia kuiba hata sauti ya jirani yake."

Wenzao wakaingia, wakapanda kwenye ngazi za kwaya. Otoha alikwenda mahali pake, mstari wa pili. Chitose, ambaye hakuwa tena mbele, alisimama kando yake. Kinanda kilipofika mahali pa alama nyekundu, akamsikia Otoha akivuta pumzi, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Sauti ikatoka, ikaenda pembeni kama mkokoteni wenye gurudumu bovu. Mgongo wa Chitose ukasisimka kwa kinyaa kilekile. Mwalimu hakusimamisha kinanda, na Chitose akaendelea kuimba.